Mbunge hajibu meseji? Niliyoyaona nikiwa nashika simu ya mheshimiwa

Mkuu mleta uzi, umeuliza hawa waheshimiwa wanasoma kweli tunachowaandikia au tunamaliza bando bure, na umesema wako umemtumia Instagram ukamtumia na WhatsApp kuhusu kalavati lililosombwa na mvua, tiki zikawa bluu halafu kimya. Nakujibu kwa nilichokiona mwenyewe maana niliwahi kuwa katibu wa mbunge, jimbo la vijijini, muhula mzima, na simu ya jimbo nilikuwa naishika mimi. Jina lake na chama chake msiniulize, halisaidii kitu hapa na nawajua wajumbe wa jukwaa hili mkianza kuchimba hamlali.

Zinasomwa. Ila mara nyingi anayesoma sio yeye. Ile namba iliyobandikwa kwenye kalenda na mabango iko kwa katibu, na ule ukurasa wa Instagram wenye picha kali yuko kijana wa kamera, kazi yake kupiga na kupandisha, dm za watu anazipitia akiwa hana kazi nyingine na hajui tofauti ya TARURA na TANROADS, wakala wawili wa barabara. Kwahiyo tiki ya bluu inamaanisha kuna mtu kaifungua, basi, hapo usijenge matumaini wala usijenge chuki.

Sasa elewa kinachoingia kwenye hiyo simu. Fungu la kwanza ni maombi ya mtu mmoja mmoja, kuanzia alfajiri mpaka usiku mnene, ada, misiba, nauli ya kwenda Muhimbili, kadi za harusi, timu inaomba jezi na mpira, kwaya inaomba spika, mtu anataka kazi ya mwanae. Siwacheki, kule kijijini mbunge ndo mtu pekee mwenye cheo aliyewahi kuja mpaka mlangoni akaomba kitu, ni haki yao kumkumbusha. Ila hela za hayo mambo zinatoka mfukoni kwake na mfuko una mwisho. Watu wanadhani Mfuko wa Jimbo ndo wa kazi hiyo, hapana, ule uliwekwa na sheria ya 2009, hela inapita halmashauri, kuna kamati ambayo mbunge ni mwenyekiti, inakwenda kwenye miradi iliyoibuliwa na wananchi, bati za darasa, kumalizia choo cha shule, vitu kama hivyo. Ada ya mtu mmoja hailipiki kule hata mheshimiwa akitaka.

Fungu la pili ni matusi. Haya nilikuwa nayasoma yote bila kumpelekea hata moja, kwahiyo wale mnaoandika insha ya matusi saa saba usiku mjue mlikuwa mnaniburudisha mimi.

Fungu la tatu, dogo kuliko yote, ni watu wenye jambo la wengi. Barabara, maji, zahanati, umeme umeishia kitongoji cha jirani, tembo wameingia mashambani. Na hata humo, nyingi ziko hivi: "Mheshimiwa tunateseka sana huku barabara mbovu tukumbuke." Huku wapi? Mimi nina daftari, lile la kaunta, nimechora safu, kata, kijiji, jambo, nani anahusika, na meseji kama hiyo haina pa kukaa. Unampigia mwenye namba hapokei, au anapokea anakuuliza wewe nani mbona unanihoji. Samahani mkuu lakini hiyo yako uliyobandika hapa juu, "mheshimiwa kalavati letu limeenda na maji watoto hawaendi shule tunaomba msaada", iko kwenye kundi hilo. Shida ni ya kweli kabisa, lakini haishikiki.

Kinachotakiwa kueleweka ni kwamba mbunge hajengi kalavati. Hana fundi, hana greda, hana kasma. Katiba ibara ya 63 inasema Bunge ni chombo cha kuisimamia na kuishauri serikali kwa niaba ya wananchi, na kwa vitendo silaha zake ni kuuliza swali, kuchangia kwenye bajeti, kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuikwamisha bajeti yake, mpaka apate maelezo ya kueleweka, kukaa kwenye baraza la madiwani la halmashauri yake, na kumnasa waziri pale viwanjani Dodoma wakitoka ukumbini. Zote hizo zinatumia maneno na ushahidi. Kwahiyo ukimwandikia usimwombe kalavati, mpe kitu anachoweza kusimama nacho akakisoma. Nikipata meseji ya namna hiyo kazi yangu imekwisha, nanakili, naisogeza mbele.

Nitoe mfano mmoja. Kuna kijana wa bodaboda, elimu yake darasa la saba, alituma meseji ndefu ya kawaida, hata WhatsApp hakuwa nayo siku hiyo. Akataja kijiji, kata, akasema wananchi wamejenga boma la zahanati kwa nguvu zao mpaka lenta, mwaka walioanza, kila kaya ilichangia shilingi ngapi, limesimama tangu lini, zahanati ya karibu iko umbali gani na katikati kuna mto ambao masika haupitiki. Baadae akapata simu ya rafiki akatuma picha tatu na ukurasa wa muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye muhuri. Mwisho akaandika tunataka kujua lini serikali itamalizia. Wakuu, mimi nilichobadilisha ni salamu tu. Maswali ya bungeni yana umbo lake, sikiliza saa tatu asubuhi utayasikia, "Je, ni lini Serikali itamalizia..." au "Je, Serikali ina mpango gani wa...", na yule kijana alikuwa keshaandika swali zima bila kujua.

Swali likaenda kwa Katibu wa Bunge, likapangiwa siku, likajibiwa na Naibu Waziri wa TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa). Jibu la kwanza mnalijua, serikali itaendelea kutenga fedha kadiri zinavyopatikana. Hapo wengi wanazima redio. Lakini mbunge anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, ndo ile "pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri nina maswali mawili madogo", na pale ndo picha za yule kijana zilifanya kazi, maana mheshimiwa aliweza kusema boma limeanza kuota miti, je naibu waziri yuko tayari kuongozana nami akajionee? Akasema yuko tayari. Likaingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge.

Alafu huyu kijana, na hapa ndo alinizidi akili hata mimi, mwaka mpya wa fedha ulipoanza Julai akatuma tena, safari hii ukurasa wa Hansard wenyewe ukiwa umewekewa alama pale kwenye ahadi, nakala kwa diwani. Hakulalamika hata neno moja, aliuliza tu imefikia wapi. Mtu akikurudishia maneno yaliyotamkwa bungeni huwezi kumpa porojo. Fedha ya umaliziaji ilikuja, sio mwaka ule, uliofuata.

Hansard ziko kwenye tovuti ya Bunge bure, pdf, unatafuta kwa tarehe ya kikao. Tovuti hiyohiyo ina orodha ya wabunge na ukurasa wa kila mmoja, jimbo lake, anwani na barua pepe ya bunge. Kabla hujamwandikia tafuta kwenye Hansard alishauliza nini. Ukikuta aliwahi kuulizia barabara yenu, anza na hapo, "Mheshimiwa tarehe fulani uliuliza, Naibu Waziri akajibu hivi, hali ya leo ni hii", yaani umemrahisishia na umemjulisha kistaarabu kwamba unafuatilia.

Njia ipi ya kutumia? Kwa uzoefu wangu, wa vijijini, meseji ya kawaida inashinda zote. Haihitaji bando, haizami chini ya video za "sambaza kwa watu kumi", na mbunge mwenyewe akishika simu yake anaisoma hata akiwa ndani ya kikao. WhatsApp inafaa kwa picha na pdf, tuma picha tatu zilizo wazi usitume thelathini. Ile barua pepe ya bunge ni nzuri kwa kumbukumbu, inafaa kwa taasisi, kikundi, chama cha wakulima, unaambatanisha barua yenye saini, lakini usikae ukisubiri ijibiwe kesho. Instagram na Facebook komenti ni za kumkumbusha tu, "Mheshimiwa nimekutumia ujumbe tarehe fulani kuhusu kalavati la kata fulani", fupi, bila kejeli, kwasababu yule kijana wa kamera akiona komenti imepata laiki nyingi anaipiga skrinshoti anampelekea bosi, hiyo ni kweli kabisa nimeiona. X tangu Mei 2025 haifunguki kawaida kwetu, usiitegemee.

Na magrupu ya jimbo, aisee. Kila jimbo lina grupu au magrupu, yamejaa madiwani, viongozi wa chama, walimu, na chawa. Ukiandika shida ya kijiji chako mle dakika mbili mtu kashajibu "mheshimiwa kafanya mengi acheni majungu", mwingine anauliza umetumwa na nani maana 2030 mnajipanga mapema. Usibishane nao. Hao hawajibu kwa niaba yake, wanajibu ili aone wamejibu. Weka ujumbe wako mara moja, kamili, funga simu. Diwani wako akiwa mle atausoma na huyo ndo unamtaka, maana baraza la madiwani linakaa kila robo mwaka na mambo mengi ya kata yanaishia pale bila hata kufika Dodoma.

Hili la nani anahusika linawaua watu. Barabara za wilaya, za mitaa na za vijijini ni TARURA tangu 2017, barabara kuu na za mikoa ni TANROADS. Maji vijijini ni RUWASA, mijini ni mamlaka ya maji ya eneo lenu. Shule za msingi, sekondari za kata, zahanati na vituo vya afya viko TAMISEMI kupitia halmashauri. Ukiandika "Wizara ya Ujenzi itusaidie" kwa barabara ya kijiji, mbunge akiiuliza hivohivo anajibiwa barabara hiyo haiko chini yetu na nafasi imeliwa. Huna haja ya kuwa mtaalamu, mtendaji wa kijiji anajua, muulize.

Wakati nao. Bunge linakutana mara nne kwa mwaka kwa kawaida, mwishoni mwa Januari kuingia Februari, Aprili mpaka Juni, Agosti au Septemba, na Novemba. Hilo la Aprili mpaka Juni ndo la bajeti, kila wizara inasimama. Watu wanaandika Mei, wakishasikia bajeti inasomwa. Umechelewa kaka. Maswali yanapelekwa wiki kadhaa kabla ya mkutano, na halmashauri zinaandaa mipango yao mapema zaidi, kwahiyo jambo la kuingia kwenye bajeti liwe limefika kwa diwani tangu miezi ya mwisho wa mwaka, na kwa mbunge Januari Februari. Ukiwahi hivyo hata akikosa swali ana mchango wake wa kuongea kwenye bajeti ya wizara, na akikosa dakika za kuongea anaweza kuchangia kwa maandishi, nayo inaingia kwenye kumbukumbu. Kalavati lako ni dharura, hilo sio la kusubiri kalenda, mtumie leo na diwani leo.

Kuna mdau hapo juu kasema kelele za mtandaoni ndo zinafanya kazi, hizo barua tunajidanganya. Sikatai. Tozo za miamala zilianza Julai 2021, watu wakapiga kelele nchi nzima, Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa asilimia 30. Lakini ile iliuma kila mwenye simu. Kalavati la kitongoji chenu linawauma nyie tu, halitakaa litrendi, na hata likitrendi siku moja kesho yake kuna ugomvi wa wasanii.

Miswada ni jambo jingine. Muswada ukishasomwa mara ya kwanza unakwenda kwenye kamati, kamati inatoa tangazo kuita wadau watoe maoni, linawekwa kwenye tovuti na mitandao ya Bunge, na unaweza kutuma kwa maandishi bila kusafiri. Muda unakuwa mfupi sana, hapo nalalamika na nyie. Ukituma, usiandike "sheria hii mbaya", andika kifungu namba ngapi, kina tatizo gani, kisomekeje. Wajumbe wa kamati wanaletewa makabrasha mazito na mwenye pendekezo lililoandikwa tayari ndo anayesomwa. Halafu nakala mpe mbunge wako hata kama hayumo kwenye kamati hiyo.

Wengine mnapenda kutengeneza meseji moja watu mia wakainakili. Ni haki yenu, na majirani zetu walilipigania hadi mahakamani, Kenya 2025 Rose Njeri alitengeneza tovuti ya kuwawezesha watu kutuma barua pepe bungeni kupinga Muswada wa Fedha wa mwaka ule, akakamatwa mwisho wa Mei akashtakiwa kwa sheria ya makosa ya mtandao, Juni hakimu akaitupa ile kesi. Ila kwa aliyekuwa anashika simu, meseji mia zinazofanana herufi kwa herufi nilikuwa naziandika mstari mmoja kwenye daftari. Ishirini ambazo kila mtu kaeleza la kwake nilikuwa naziandika mistari ishirini. Amueni wenyewe.

Kama mbunge wako wa jimbo ni jiwe, kuna wabunge wa viti maalum wa mkoa wenu, watu wanawasahau kabisa, na wengi wao wana njaa ya hoja za kuuliza kwasababu hawana jimbo la kuwaletea. Mbunge yeyote anaweza kuulizia jambo la popote nchini. Mbunge wa jimbo akisikia mwenzake kauliza barabara ya jimboni kwake, mkuu, utapigiwa simu na wewe. Ndugu zetu wa Zanzibar nyie mna mwakilishi na mbunge, na maji, afya, skuli sio mambo ya Muungano, kwahiyo hayo mpelekeeni mwakilishi Barazani, mtamchosha mbunge bure Dodoma.

Tahadhari moja tu, msinielewe vibaya. Ukitaja mtu kwa jina kwamba kala hela na huna karatasi, umejitia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na mbunge hatakufuata rumande. Eleza kilichotokea, "mkutano wa kijiji uliambiwa kazi imekamilika, picha ya leo ni hii", acha aliyetajwa kwa cheo ajieleze. Na picha za wagonjwa au watoto wa watu usizisambaze, piga picha ya mto.

Sasa ya kwako, nimekuandikia, jaza mwenyewe nafasi.

"Shikamoo Mheshimiwa. Naitwa (jina kamili), mkazi wa kitongoji cha ..., kijiji cha ..., kata ya .... Kalavati la barabara ya kutoka ... kwenda ... lilisombwa na mvua tarehe .... Wanafunzi wa shule ya ... wanaotoka vitongoji vya ... na ... hawavuki mvua ikinyesha, njia ya kuzunguka ni kilomita .... Tuliripoti kwa mtendaji wa kata tarehe ..., diwani ana taarifa. Picha nimekutumia WhatsApp kwa namba hii. Je, ni lini TARURA itarejesha kalavati hilo, na kwa sasa kuna mpango gani wa dharura ili wanafunzi wavuke? Nakala: Mhe. Diwani."

Idadi ya wanafunzi mwombe mwalimu mkuu, akikupa iongeze, asipokupa usiibuni. Jina la barabara waulize TARURA wilaya linavyoandikwa kwenye orodha yao, maana mtaani mnaweza kuwa mnaiita kwa jina la mwenye duka na kwao iko kwa jina jingine kabisa, na ikijibiwa "barabara hiyo haipo kwenye mtandao wetu" mnaanza upya. Ukishindwa kulipata andika inaanzia wapi inaishia wapi. Baada ya wiki mbili kama kimya, tuma ileile, juu yake ongeza mstari mmoja wa tarehe uliyotuma mwanzo, na siku anayokuwepo jimboni ipeleke imechapwa kwenye ofisi yake, nyingi ziko pale kwa mkuu wa wilaya au halmashauri, wagongeshe muhuri kwenye nakala yako.